Kichwa cha Barua Kinatosha

Ukimsalimia alijibu maneno mawili: "Salama kabisa." Ungekuwa mkuu wake wa kazi au muuza vitumbua wa pale stendi, ingekuwa Pasaka au siku ya msiba, jibu lilikuwa hilo hilo, kwa sauti ile ile. Mkono aliutoa na kuurudisha upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Vijana wa ofisini kwake walisema, "Mzee huyu ukimwambia nyumba yake inaungua, atakujibu salama kabisa."

Sisi majirani zake wa Nakwa tulimwita Mzee wa Masjala, na hata hapa nitamwita hivyo. Masjala ni kile chumba cha ofisi ya serikali kinachotunza majalada, yaani kumbukumbu za mambo yote yaliyoamuliwa na za watu wote walioajiriwa. Yeye alitunza masjala ya siri. Humo ndimo yalimokaa majalada ya watumishi: aliyepandishwa cheo, aliyeonywa, aliyehamishwa, aliyeomba likizo kwa sababu asiyotaka mkewe aijue. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa usharika wetu wa Kilutheri hapa Babati, na nimeishi naye jirani tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Namshukuru Mungu kwa ujirani ule, ingawa nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa jirani wa mtu nisiyemjua.

Chumba chake nilikiona mara moja tu, tena nikiwa mlangoni, maana kizingiti chake hakikuvukwa na asiyehusika. Rafu zilifika darini. Kulikuwa na harufu ya karatasi kuukuu na vidonge vya kuzuia wadudu, na dirisha moja lililozibwa nusu kwa karatasi ya kaki ili jua lisibabue majalada. Adui zake walikuwa watatu, na aliwataja kama mtu anavyotaja majirani wakorofi: mchwa, maji ya mvua, na gundi ya plastiki. Mchwa na maji niliwaelewa. Gundi ilibidi anieleze siku alipokuja kanisani na kukuta nimebandika kurasa za kitabu cha ubatizo zilizochanika.

"Mwinjilisti, nani amefanya hivi?"

"Mimi. Nimezitengeneza."

"Umeziua," alisema, akakaa chini kama mtu aliyeletewa habari ya kifo. "Gundi hii itageuka rangi ya chai, italiwa na joto, kisha itaondoka na maandishi. Ukurasa uliochanika bado ni ukurasa. Huu sasa ni nini?"

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi za kaki, uzi na brashi laini ya kupakia rangi, akatufundisha namna ya kuvifunga vitabu vyetu, kuvilaza badala ya kuvisimamisha, na kuviinua kutoka sakafuni. Hakutaka hata soda. Hakusoma jina moja katika vile vitabu. Nilimwona akifumba macho kidogo kila alipogeuza ukurasa, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa bafu ulioachwa wazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kuu ya kazi. Barua za serikali zina kichwa chini ya jina la anayeandikiwa, kinachoanza na neno "Yah", yaani yahusu, na kusema barua inahusu nini. Mtunza kumbukumbu husoma jina na kichwa, akajua barua inakwenda jalada gani, basi. "Kichwa kinatosha," alipenda kusema. "Anayesoma mpaka chini anatafuta jambo lake mwenyewe."

Lakini watu hawakuamini kwamba kuna binadamu anayeweza kushika barua na asiisome. Waliamini anajua kila kitu, na kwa kuwa hasemi, wakaanza kumsoma uso. Kama amemtazama fulani mara mbili, fulani hakulala. Hapo ndipo lilipotokea lile jambo la dereva.

Dereva wa ofisi yao alikuwa amerudi kutoka Kiteto, ambako gari lilikwama matopeni siku nzima. Mzee wa Masjala, ambaye enzi hizo alikuwa bado anasalimia watu kama watu wengine, alikutana naye mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia, "Pole sana, ndugu yangu." Dereva akaenda nyumbani moja kwa moja. "Mama Jofrey," akamwambia mkewe, "tumehamishwa." Wakauza makochi. Mama mkwe akaja kutoka kijijini kulia. Kwaya ikawaimbia wimbo wa kuagana, na mimi mwenyewe nikawaombea safari njema. Barua ikawa haiji. Mwishowe dereva akaenda masjala, akasimama pale kizingitini.

"Mzee, barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya uhamisho. Si ulinipa pole?"

"Nilikupa pole ya matope!"

Mji mzima ulicheka, na dereva alikaa kwenye viti vya plastiki mpaka mavuno. Mzee wa Masjala hakucheka. Aliona kwamba hata huruma yake inaweza kusomwa kama barua, na ikisomwa vibaya inauza makochi ya watu. Tangu siku ile aliamua kumsalimia kila mtu sawa, furaha isionekane wala huzuni isionekane. Maneno mawili na mkono mfupi. Tulidhani atachoka. Hakuchoka.

Nimewajua watu wapweke wengi katika kazi yangu. Wengi wamenyimwa watu: na kifo, na pombe, na ugomvi wa mashamba. Yeye hakunyimwa. Alijinyima mwenyewe kwa ajili ya watu wale wale waliomnong'ona. Harusini alikaa karibu na mlango, akala, akaondoka kabla ya hotuba. Nilipomwomba aingie kamati ya kanisa alisema, "Mwinjilisti, mkiwa kikaoni na mimi nikakohoa, kuna mtu atadhani amesimamishwa kazi." Nyumbani kwake hakukuwa na karatasi hata moja isipokuwa Biblia na kitabu cha nyimbo. Kalenda hakuwa nayo. Mtu aliyelala na kuamka na maandishi ya wengine hakuandika lolote la kwake. Nilipomuuliza nimwombee nini, alijibu, "Omba tu. Mungu anajua namba ya jalada."

Na bado mtu huyu aliimba. Alikuwa sauti ya nne katika kwaya yetu, na sijasikia besi kama ile tangu aache. Alifumba macho, mishipa ya shingo ikamsimama, na uso aliouficha wiki nzima ukafunguka wote mbele ya usharika. Wimbo ukiisha, uso ulijifunga, akaketi.

Ni katika kwaya hiyo alipokutana na nesi.

Nesi alikuwa mwajiriwa wa serikali kama yeye, akihudumu katika zahanati ya hapa mjini, mwanamke wa kutoka juu Mbulu, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti. Vumbi la majalada lilikuwa limempa Mzee kikohozi kisichokwisha, naye nesi alimkamata baada ya mazoezi ya kwaya, akampeleka kwa nguvu akapimwe. Marehemu mke wangu, Mama Elibariki, alimuuliza nesi kwa utani anaona nini kwa mtu mkavu kama yule. Nesi akamjibu, "Mama, mji huu wote wananiuliza: yule uliyemchoma sindano anaumwa nini, yule binti alikuja kufanya nini. Huyu ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuniuliza habari za mgonjwa yeyote." Nilielewa. Walikuwa watu wawili waliobeba mizigo ya aina moja, na kila mmoja alipumzika kwa mwenzake.

Nilichaguliwa kuwa mshenga. Tulikuwa tumeshapanga, mimi na wazee wawili, tupande Mbulu baada ya mavuno kupeleka posa. Nesi alikuwa na kiwanja Maisaka, amekwisha kujenga msingi wa nyumba, na alikuwa amwite fundi aanze kuinua kuta. Jumapili moja baada ya ibada walikwenda wote wawili kupima mahali pa madirisha. Mzee alishika tepu upande mmoja, nesi upande mwingine.

Siku chache baadaye nesi aliitwa ofisini, akakabidhiwa barua ya uhamisho kwenda zahanati ya mbali huko Simanjiro. Alipoitazama tarehe, akajua nakala yake ilikwisha kupita masjala, mikononi mwa Mzee, kabla ya ile Jumapili.

Alikuja kwetu jioni. Hakuingia ndani. "Baba Elibariki," aliniambia, "msipande Mbulu."

"Mwanangu, uhamisho si mwisho wa dunia. Huomba mtu akarudishwa."

"Uhamisho nitaripoti. Nimeajiriwa na serikali, sikuajiriwa na Babati. Nimemuuliza kama alijua, akanyamaza. Nimemuuliza mara mbili." Mke wangu akamshika bega, naye akaliondoa bega lake polepole. "Msipande," alisema tena, akaenda zake.

Nilimfuata Mzee usiku wa siku hiyo hiyo na kumuuliza swali lile lile. Alikuwa amekaa nje juu ya kigoda. "Mwinjilisti," alisema, "nikiwa nje ya ofisi mimi sijui la ofisini. Nimekula kiapo." Nikamwambia nami naheshimu kiapo, lakini yule ni mchumba. Akajibu, "Kiapo hakikuwa na mstari wa mchumba." Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Kwaraa, nasi tukakaa ndani yake mpaka nikasimama nikaaga. Jumapili iliyofuata aliimba. Nesi hakuwepo, alikuwa ameshapanda basi.

Baada ya hapo mabinti wawili watatu walitajwa kwake na wazee wenye nia njema. Aliwajibu wazee "salama kabisa", nao wakaacha.

Kuna jambo moja sikulijua mpaka miaka ilipopita mingi. Nilikwenda Maisaka kuzika, na katika kurudi nikapita njia ya kiwanja cha nesi. Nilitarajia kukuta kichaka, maana msingi usioinuliwa kuta huliwa na majani, na mawe yake huondoka moja moja kwenda kujenga mabanda ya watu. Nikakuta msingi safi, mawe yote yapo, na nyasi zimefyekwa mpaka kwenye mipaka. Nikamuuliza mama aliyekuwa anaanua mahindi jirani.

"Mwenye kiwanja anakuja kufyeka," alisema. "Mzee mmoja wa koti la bluu. Hasemi na mtu. Ukimsalimia anasema salama kabisa."

Koti la bluu lilikuwa koti lake la kazini. Sikumwambia kwamba nimejua. Nilikuwa nimejifunza kwake mambo fulani.

Kompyuta zilipoletwa ofisini, vijana walisubiri kuona atakavyokasirika. Wakamkuta amefurahi. Aliwasaidia kuyatoa majalada moja baada ya jingine yapigwe picha, akawafundisha kuyarudisha mahali pake, na aliponisimulia habari za ile mashine alisema kwa sauti ya mtu anayeona wivu kidogo: "Ile haina uso, Mwinjilisti. Hakuna atakayeitazama akose usingizi." Akastaafu. Nilidhani sasa atalegea, ataanza kukaa na wazee wenzake pale sokoni. Hakulegea. "Kiapo hakistaafu," alisema, na mkono wake ukaendelea kuwa mfupi.

Mara moja tu ulirefuka. Mama Elibariki alipofariki, watu walipita wakinipa pole, naye akafika zamu yake. Alinishika kwa mikono yote miwili, na hakuniachia. Mstari wa watu ukasimama nyuma yake. Ndipo yule dereva wa zamani, sasa mzee mwenye fimbo, akaniinamia sikioni: "Usiogope, Mwinjilisti. Mimi alinishika hivyo nikauza makochi." Nikacheka, siku ya kumzika mke wangu, nikacheka na machozi yakatoka vizuri. Nawashukuru wote wawili.

Mwaka huu nesi amerudi. Amestaafu huko huko Simanjiro, hakuolewa, akawalea watoto wa marehemu dada yake mpaka wakajitegemea, na sasa nyumba ya Maisaka imesimama juu ya msingi ule wa zamani. Alikuja ibadani akiwa na mvi nzuri, akanisalimia, "Shikamoo, Baba Elibariki," nikamwitikia marahaba, naye akanipa pole ya mke wangu. Kisha akasema, akitazama viatu vyake, "Yule mtu wa besi bado yupo?"

"Yupo. Besi imekwisha, amebaki yeye na kikohozi."

"Mwambie aje aone dirisha."

Nilimpelekea ujumbe. Alinisikiliza, akaingia ndani, na akakaa humo muda mrefu hivi kwamba nilidhani amelala. Alipotoka alikuwa amevaa lile koti la bluu, limefuliwa na kupigwa pasi. Ndipo nilipoelewa alichokwenda kupambana nacho mle ndani. Ataulizwa tena, na safari hii hakuna ofisi ya kujificha. Ama ataondoka pale amekihifadhi kiapo chake na kumpoteza mtu huyu mara ya pili, wakiwa na umri usio na mara ya tatu, ama atasema.

Tulipanda bajaji. Njia nzima alishika chuma cha mbele kwa mikono yote miwili. Nesi alikuwa uani akiwamwagia kuku pumba. Alinyooka, akamtazama.

"Karibu," alisema.

"Salama kabisa," alijibu Mzee.

"Sijakuuliza hali," nesi alisema, na kicheko chake cha zamani kikatoka nusu, kikarudi.

Alituketisha sebuleni, akatupa chai na viazi vitamu. Dirisha lilikuwa pale, limeelekea mlimani. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu kuku, kuhusu daktari wa macho. Nikaona nisimame nikaangalie kuku, lakini Mzee alinishika koti nisiondoke. Nesi akaweka kikombe chake chini.

"Siku ile ulishika tepu upande huu," alisema akionyesha. "Nakuuliza mara ya tatu, na sitakuuliza ya nne. Ulijua?"

Mzee alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemwapisha. Kisha akatazama mikono yake. Nje jogoo aliwika, na nikamwomba Mungu kimya kimya, bila kujua naomba nini. Namba ya jalada anaijua.

"Nilijua kichwa tu," alisema Mzee wa Masjala. "Jina lako na kichwa. Sikujua ni wapi."

Nimewasikia watu wakikiri mengi katika maisha yangu, mengine mazito kuliko hayo mara mia. Sijaona mtu aliyechoka namna ile kwa maneno machache hivyo.

"Barua sikukudai," nesi alisema. "Mimi nimewashika mikono wanawake huku najua majibu ambayo daktari hajawapa. Ningeelewa kwamba huwezi kusema. Lakini mimi nikishindwa kusema, macho yangu huonekana, na mgonjwa hujua kwamba hayuko peke yake. Wewe ulishika tepu ukaniambia, dirisha hili litapata jua la asubuhi. Kwa uso ule ule. Kama mtu wa stendi."

"Ningekutazama ungejua."

"Ndiyo. Ningejua."

Nesi akauliza, kwa sauti nyingine, "Na aliyekuwa anafyeka?"

"Kiwanja kilikuwa na mwenyewe," Mzee alisema. "Mwenyewe alikuwa ametoka tu."

Nesi aligeuka akatazama dirishani, na mabega yake yakatikisika kidogo; sikujua kama ni kucheka au kulia, na sikutafuta kujua. "Linapata," alisema. "Jua la asubuhi. Linaingia mpaka hapo ulipokaa."

Jua lilikuwa linashuka tulipoaga. Mimi nilitangulia kufika kwenye bajaji, na kijana mwenye bajaji akawasha. Niligeuka kumwita Mzee. Walikuwa mlangoni. Nesi alikuwa ameutoa mkono wa kuagana, naye ameupokea kama kawaida yake, na nikasubiri kuona ukirudi upesi. Haukurudi. Aliongeza mkono wa pili. Uso wake ulikuwa umeinuliwa, na ulikuwa wazi, kama nilivyokuwa nikiuona kwenye kwaya.

"Babu, tunamngoja yule?" kijana aliniuliza.

Nilikuwa nimeona jina na kichwa. Nikageuza macho yangu, nikapanda.

"Twende," nilimwambia. Bajaji ikaondoka na mimi peke yangu kuelekea Nakwa, kwenye nyumba yangu ambamo hakuna anayeningoja, na nilimshukuru Mungu njia nzima.